Kipimo Kinataka Shahidi

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaofanya kazi Riyadh na Jeddah tuna lalamiko la miaka mingi, na leo tunalitoa bila kumung'unya maneno: tumechoka kupunjwa katika kupimiwa. Tumechoka na pishi ambayo kila Ramadhani tunaambiwa ina uzito mwingine. Tumechoka na gunia linalovishwa kilemba kila msimu wa mavuno, na debe lililobonyezwa tumbo, na gorogoro iliyogongwa kitako. Tuko mbali na nyumbani, ila pesa yetu inafika huko kila mwezi, na huko ndiko inakopunguzwa kiganja kwa kiganja.

Tuanze na jambo la huku. Siku za mwisho za Ramadhani, ukipita Batha pale Riyadh au mitaa ya Bab Makkah kule Jeddah, utaona mifuko ya mchele imepangwa kando ya njia kwa ajili ya zaka ya fitri. Hapo ndipo swali la kila mwaka linapoanza kuzunguka kwenye simu zetu: pishi moja ni kilo ngapi? Mmoja anajibu kilo mbili na gramu arobaini. Wa pili anasema kilo mbili na nusu. Wa tatu anaapa ni kilo tatu, amesikia kwa masikio yake kwa imamu wa msikiti wao. Dada zetu wa kazi za ndani, ambao wengi hawapewi nafasi ya kutoka kwenda sokoni, huwatumia wenzao pesa wawanunulie, na hata hawajui watume ngapi. Baba wa familia ya watu sita akifuata hesabu ndogo atatoa kilo 12 na robo hivi. Akifuata kubwa atatoa kilo 18. Tofauti ni karibu kilo sita za mchele. Kwa mjane anayengoja fitri hiyo kijijini, kilo sita ni chakula cha siku kadhaa.

Hatusemi masheikh wanatudanganya. Tumeuliza, tukaelezwa, na tumeelewa. Swaa ya Mtume, ambayo kwetu tunaihesabu kuwa ndiyo pishi, ni chombo cha kujaza, wala haikuwa jiwe la mizani. Swaa moja ni mudi nne, kama pishi ilivyo vibaba vinne. Ukiijaza ngano itakuwa na uzito wake, ukiijaza shayiri itakuwa nyepesi zaidi, ukiijaza tende au mchele utapata namba nyingine tena. Sheikh Ibn Uthaymin alieleza kwamba mjini kwake Unaizah, katika jimbo la Qassim, palipatikana kwenye magofu mudi ya shaba iliyochorwa mlolongo wa waliopokezana kipimo chake hadi kwa sahaba Zayd bin Thabit. Kwa ngano nzuri, swaa aliyoifuata inatoka kilo 2 na gramu 40. Sheikh Ibn Baz naye alifuata njia ya mikono: viganja viwili vya mtu wa wastani vikijazwa mara nne, akakadiria kuwa ni kama kilo tatu. Wote wawili walikuwa wanatafuta kitu kimoja, kwa uangalifu na kwa kumcha Mungu.

Lalamiko letu liko kwingine. Namba inatufikia peke yake. Hatuambiwi ilipimwa kwa nafaka gani, kwa chombo kipi, na nani alishuhudia. Mtu anapokea "kilo mbili na gramu arobaini" za ngano, anazitumia kwa mchele, mwenzake anazitumia kwa unga, na wa tatu anamcheka anayetoa kilo tatu kana kwamba amepotea. Kipimo kilichokusudiwa kumfikishia maskini haki yake kimegeuka kuwa ubishi wa watu walioshiba.

Na ubishi huu si mpya. Unasimuliwa tangu karne ya pili ya Uislamu. Qadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alikuwa akifuata rai ya wanazuoni wa mji wa Kufa kwamba swaa ni ratili nane za Baghdad, yaani zaidi ya kilo tatu na robo kwa hesabu ya leo. Alipofika Madina, akauliza habari ya swaa. Watu wa Madina wakamwambia, swaa yetu ndiyo swaa ya Mtume. Akataka hoja. Kesho yake wakamjia wazee wapatao hamsini, watoto wa Muhajirina na Ansari, kila mmoja ameficha swaa yake chini ya shuka, kila mmoja anasema ameipokea kwa baba yake au kwa watu wa nyumbani kwake, nao kwa waliowatangulia. Abu Yusuf akazipima, akakuta zinalingana: ratili tano na theluthi moja, kwa upungufu mdogo tu. Akaiacha rai yake ya zamani.

Kisa hiki tunakipenda, kwa sababu wale wazee hawakuja na maneno matupu. Walikuja na vyombo. Kipimo cha Madina hakikulindwa na karatasi wala na mtawala peke yake. Kililindwa jikoni, kwa akina mama waliopima unga kila siku na kwa watoto waliokulia humo. Kama mfanyabiashara angepunguza swaa yake, jirani angeileta ya kwake na aibu ingemshika palepale. Ndiyo maana inapokewa kutoka kwa Mtume kwamba ujazo ufuatwe wa watu wa Madina, na uzani ufuatwe wa watu wa Makka: wa Madina walikuwa wakulima wa tende na shayiri, wa Makka walikuwa wafanyabiashara wa dhahabu na fedha. Kila kipimo kikakabidhiwa kwa watu wanaokitumia na kukijua.

Sasa tuwaulize ndugu zetu wa nyumbani: pishi yetu inalindwa na nani?

Pwani yetu ilikuwa na vipimo vyake vilivyopangika. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, pishi sitini ni jizla, kama wasaki moja ya Waarabu ilivyo swaa sitini. Vitu vya uzani vilikwenda kwa farasila, kama pauni 35. Mtoto wa duka aliyajua haya kabla hajajua kuandika. Leo Pemba wachumaji wa karafuu bado wanalipwa kwa pishi, ilhali karafuu ikishakauka inauzwa kwa kilo. Mchumaji anapanda mkarafuu alfajiri, anashuka na pakacha lake, na pishi ya kumpimia inatoka mkononi mwa mwenye shamba. Pishi ikiwa kubwa kuliko ilivyo haki, au ikijazwa mpaka ikafanya kichuguu, mchumaji amefanya kazi ya bure na hana pa kuipeleka ile ziada kuidai. Wapo kati yetu hapa Jeddah ambao mama zao walisomesha watoto kwa uchumaji huo. Pesa za daftari zilitoka kwenye pishi hizo.

Bara mambo ni mazito zaidi, kwa sababu huko kuna lumbesa. Msomaji wa Njombe, Mbeya au Lushoto hahitaji kuelezwa, lakini tueleze kwa ajili ya vijana waliozaliwa ughaibuni. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha juu yake linashonewa wavu au kipande cha gunia lingine, viazi vinapangwa tena mpaka kilemba kinasimama, halafu linafungwa kwa kamba na kuhesabiwa kuwa gunia moja. Bei ni ya gunia moja. Kazi, mbolea na mvua za kilemba kile zimekwenda bure. Tanzania ina Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ina Wakala wa Vipimo, na imeshatangazwa mara nyingi kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kenya ilitunga Kanuni za viazi mwaka 2019, chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zikisema gunia la viazi ni kilo 50. Tulishangilia tuliposikia. Lakini ukimpigia mama simu msimu wa kuchimba viazi, mazungumzo ni yaleyale.

"Mama, wamechukua magunia mangapi?"

"Kumi na mawili, mwanangu."

"Ya kawaida au ya lumbesa?"

"Sasa mwanangu, dalali anakuja na magunia yake na watu wake wa kushona. Nikikataa anakwenda kwa jirani, na viazi vyangu vinaota ardhini."

Huko ndiko kunakotuuma. Mama anaijua sheria, ameisikia redioni. Dalali naye anaijua. Kinachokosekana ni mizani pale shambani, na mtu wa kusimama kando ya mama siku ya kupima. Mizani iko mjini, gunia liko kijijini, na kati yao kuna barabara mbovu na mwenye lori anayetaka kuondoka kabla ya giza. Sheria isiyofika shambani inabaki kuwa habari ya redioni.

Tazameni jinsi jambo hili linavyoingia hata kwenye ibada. Zaka ya mazao inamlazimu mkulima mazao yake yakifika wasaki tano, yaani swaa 300. Kwa hesabu ya swaa ya kilo 2.04, kiwango ni kilo 612. Kwa hesabu inayotajwa sana vitabuni, ile ya ratili tano na theluthi, ni kama kilo 653. Kwa hesabu ya kilo tatu, ni kilo 900. Mkulima wa Kwale au Lamu aliyevuna mahindi magunia saba ya kilo 90 ana kilo 630. Kwa hesabu ya kwanza anadaiwa zaka: sehemu ya kumi kama shamba ni la mvua, sehemu ya ishirini kama anamwagilia kwa gharama. Kwa hesabu ya pili na ya tatu hadaiwi. Na kama magunia yake yalijazwa kwa lumbesa, saba yake ni nane au tisa za haki, na hesabu yote inaanza upya. Mtu huyu anataka kumtii Mola wake, wala hakwepi. Anachokosa ni mtu wa kumwambia gunia lake lina nini ndani.

Na mnunuzi wa rejareja naye ana kilio chake. Sisi tukituma pesa kutoka Riyadh, mke au dada hanunui gunia. Ananunua kwa gorogoro kule Nakuru na Kisumu, kwa kopo kule Dodoma, kwa debe kule Kigoma, kwa kibaba kule Unguja. Hatuvidharau vipimo hivi, hata kidogo. Kopo na kibaba ndivyo vinavyomwezesha mtu mwenye pesa ya leo tu kupata chakula cha leo. Mwenye mizani anaweza kukataa kumuuzia mtu nusu kilo. Mwenye kibaba hamkatai mtu. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba, wakijua kwamba kibaba ndicho kipimo cha mnyonge.

Lakini gorogoro iliyotoka kiwandani ikiwa bati la mafuta ya kupikia la kilo mbili si gorogoro ile unayoikuta sokoni. Imegongwa kitako kikaingia ndani. Imebonyezwa ubavu. Nyingine ina kitambaa au karatasi ngumu imelazwa chini. Debe, ambalo asili yake ni bati la mafuta ya taa la lita zipatazo 20, nalo lina ufundi wake: anayenunua kwa mkulima analitikisa na kulishindilia mpaka nafaka ikae chini kabisa, na anayeuza kwa mlaji analijaza kwa mkono mwepesi, bila kulitikisa. Bati ni lilelile, mtu ni yuleyule, mahindi ni yaleyale, na faida imepatikana kwenye mtikiso. Mkulima amepunjwa akiuza, mlaji amepunjwa akinunua, na mara nyingi mkulima na mlaji ni mtu mmoja: ameuza mwezi wa saba kwa sababu ya ada ya shule, amerudi kununua mwezi wa pili kwa sababu ya njaa.

Wapo watakaotuambia: nyinyi mko Saudia, mnaishi kwenye mizani za umeme, acheni kulilia vibaba. Ni kweli, huku mambo yana utaratibu. Nchi hii ina shirika lake la viwango na vipimo, SASO, tangu mwaka 1972. Mteja akiona amedhulumiwa dukani anaweza kupiga 1900, namba ya malalamiko ya Wizara ya Biashara. Tunalishukuru hilo, nasi tunawasihi wenzetu waitumie. Hata hivyo huku nako hatujanusurika. Kwenye masoko ya mboga na tende, vitu vingi vinauzwa kwa katoni, na katoni ina safu ya juu ya kupendeza na safu ya chini ya kusikitisha. Kwenye maduka madogo ya mitaani, maharage, unga wa muhogo na dagaa waliotoka kwetu hufungwa upya katika mifuko ya nailoni isiyoandikwa uzito wala tarehe. Muuzaji anasema "kilo", nasi kwa kuwa tumekumbuka ladha ya nyumbani hatuulizi. Tukifika chumbani, mwenzetu mwenye mizani ndogo ya jikoni akiupima mfuko, tunatazamana.

Kwa hiyo dawa si kutupa kibaba na kuleta kilo, kisha kila mtu akalale. Mizani nayo inachezewa. Sahani yake inawekewa kitu chini, au mshale wake unaanzia mbele ya sufuri, au inageuzwa uso ili mnunuzi asione. Kipimo cha kale kilikuwa cha haki pale kilipotazamwa, na kipimo cha kisasa kinakuwa cha dhuluma pale kinapofichwa. Sura ya 83 ya Qur'ani imeitwa kwa jina la wapunjao, nayo inawalaani wale wanaotaka kutimiziwa wakipimiwa na kupunguza wakipimia wengine. Watu wa Madyan, ambao nchi yao inatajwa kuwa ni kaskazini magharibi mwa ardhi hii tunayoifanyia kazi, walionywa na Nabii Shuaib juu ya jambo hilohilo. Hakuna aliyewaonya juu ya aina ya chombo walichotumia. Walionywa juu ya mkono uliokishika.

Sisi tulio mbali tumejifunza jambo hili kwa uchungu: anayepunjwa kwanza ni yule asiyekuwepo wakati wa kupima. Mchumaji anayegeuka kumbeba mtoto. Mama aliyeingia ndani kuwatayarishia chai watu wa dalali. Mfanyakazi wa Riyadh aliyetuma pesa ya magunia matatu na kuletewa habari ya magunia matatu. Kipimo kinataka shahidi, na maskini mara nyingi hana shahidi.

Tunaomba mambo manne, na tunaomba kwa watu tunaowaheshimu.

Kwa masheikh na maimamu wetu, wa huku na wa nyumbani: mkitangaza pishi mwezi wa Ramadhani, tajeni nafaka yake. Semeni pishi ya mchele ni kiasi hiki, pishi ya unga ni kiasi hiki, na kama ni ya tahadhari semeni ni ya tahadhari. Wekeni msikitini chombo chenyewe, kilichopimwa mbele za watu, mtu aje ajaze mchele wake humo aone kwa macho. Wazee wa Madina walimjia Abu Yusuf na vyombo; nasi tunahitaji kuviona.

Kwa serikali zetu, na hasa kwa halmashauri na kaunti: mizani ishuke hadi kwenye kata na kwenye ghala la kijiji, na afisa wa vipimo aonekane msimu wa mavuno, siku za magari kupakia. Kilo 100 za Tanzania na kilo 50 za Kenya ni maneno mazuri. Tunataka kuyaona kwenye lori. Anayeshona kilemba atozwe faini palepale, na mkulima asitozwe pamoja naye kana kwamba walikuwa na hiari sawa.

Kwa vyama vya ushirika na vikundi vya wanawake: nunueni mizani yenu. Kikundi chenye mizani hakimgojei dalali aje na magunia yake. Kinamwambia bei ni ya kilo, achukue au aache. Sisi tulio huku tuko tayari kuchanga. Tumechangia harusi na misiba. Mizani moja ya kijiji haiwezi kutushinda.

Na kwetu sisi wenyewe: tuache kutuma pesa kwa gunia. Tutume kwa kilo. Tukipiga simu, tuulize kilo ngapi zimepimwa, wapi, na nani aliona. Dada atakayeulizwa hivyo kila mara atajifunza kumuuliza mwenye duka, na mwenye duka anayeulizwa kila mara atajifunza kuigeuza mizani yake itazame watu. Tusione haya kuuliza. Jasho letu la jua la Riyadh na unyevu wa Jeddah limepimwa na mwajiri kwa saa na kwa siku, wala hakuna anayeona haya kulipima. Basi na chakula kinachonunuliwa kwa jasho hilo kipimwe hadharani, mbele ya anayekila.